Kitovu Kilichochipua

Jongeeni, jongeeni. Mwenye kiti akae, mwenye jamvi atandike, na asiye na pa kukaa asimame tu, maana katika nchi ninayotaka kuwahadithia watu wa namna hiyo ndio wengi, na wamekwisha kuzoea.

Jina la nchi silitaji. Si kwa woga, ni kwa heshima. Ni nchi nzuri. Ina bahari upande mmoja na wimbo wa taifa pande zote. Serikali yake inawapenda wananchi kiasi kwamba haiwezi kuwaona wametulia mahali pamoja bila kuja kuwauliza wanafanya nini hapo.

Sisi tulikaa katika mji wa zamani, Mtaa wa Mferejini. Nyumba zetu ni za mawe na chokaa, zimeegemeana mabega kama wazee msibani. Ukiivuta moja, ya pili inauliza kulikoni, na ya tatu imekwisha anguka. Katikati ya mtaa umepita mfereji mkubwa wa mawe, waliujenga waliotutangulia, unapokea mvua kutoka kilimani na kuipeleka baharini. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha kuzoa takataka kabla ya masika. Asiyezoa hakualikwa harusini. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu ya mazingira, na haikuwahi kuhitaji semina.

Kisha likajengwa Jengo la Upeo. Ni jengo refu la vioo, mali ya mwekezaji asiyejulikana ambaye, kwa bahati tu, amefanana sana na shemeji wa Waziri. Lilikaa barabara juu ya mdomo wa mfereji. Tangu hapo mvua ikishuka kilimani inakimbia mpaka kwenye ukuta wa Jengo, inagonga, haifunguliwi, inarudi kulala kwetu.

Tukamwendea Waziri. Mheshimiwa Dakta Mbwembwe alikuwa Waziri wa Makazi, Ardhi, Mazingira na Mandhari, na alitupokea kwa uso wa mtu aliyeamshwa usingizini na watu anaowapenda.

"Ndugu zangu," alisema, "maji ni rasilimali. Kuna nchi huko jangwani wanayalilia. Nyinyi yanawafuata mpaka kitandani, na bado mnanung'unika?"

Mume wangu, Shaame, fundi wa chokaa, si mtu wa maneno mengi. Siku hiyo aliyatafuta. "Mheshimiwa, tatizo ni kwamba jengo limekaa juu ya mfereji."

"Hapana, kijana. Mfereji ndio umepita chini ya jengo. Tena bila kibali."

"Lakini mfereji ule una miaka mia tatu, Mheshimiwa."

"Basi ulikuwa na muda wa kutosha wa kukiomba."

Tukapiga makofi. Ukiwa mbele ya Waziri mikono hujigonga yenyewe. Mimi nilikuwa na mimba kubwa wakati huo, nikawa nawaza mambo ya masomo yangu ya jioni. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba maji hufuata mteremko. Maskini, hakuwa amepata taarifa. Maji hufuata sera.

Wiki ile ile wakaja wataalamu na rangi nyekundu. Wakachora alama ya kubomolewa kwenye kila mlango wa Mferejini. Tukauliza sababu. Wakasema nyumba zetu zinazuia mafuriko yasisambae vizuri.

*

Siku moja Mheshimiwa akaamka na uzalendo. Ulimshika ghafla, kama kwikwi. Akaita waandishi wa habari, akasema hati zote za ardhi zimefutwa.

"Karatasi ni mambo ya wageni!" alinguruma. "Je, babu zetu walikuwa na karatasi? Hawakuwa nazo! Walikuwa na nini? Walikuwa na vitovu! Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikidondoka, kilizikwa wapi? Nyumbani! Kuanzia leo, palipozikwa kitovu chako ndipo penye ardhi yako!"

Mferejini tulipiga vigelegele mpaka kunguru wakahama. Nani alikuwa na vitovu kutushinda? Kwetu mtoto kitovu chake kikidondoka bibi yake hukizika ndani ya mipaka ya nyumba, na wanawake wote wa nyumba ile wanajua ni wapi, kama wanavyojua mahali pa chumvi.

"Vyangu vyote viko uani," alisema jirani yetu Mama Zubeda, muuza mihogo, akijipiga kifua. "Cha mume wangu kipo, cha mama mkwe kipo, vya wanangu vipo. Nikifagia pale nafagia polepole, nisije nikamwamsha mtu."

Furaha yetu ilidumu mpaka zilipotoka kanuni. Kanuni zilisema kitovu lazima kionekane na kikaguliwe. Wakaja kukagua. Wakachimba uani kwa Mama Zubeda, wakakuta udongo.

"Vimeoza," alisema mkaguzi.

"Sasa baba, ulitaka vifanyeje?"

"Kitovu kilichooza ni sawa na hati iliyopotea, mama. Wewe hapa si mzawa."

Mama Zubeda, ambaye hajawahi kuvuka daraja la mji tangu azaliwe, akaambiwa arudi kwao. Akauliza kwao ni wapi. Wakasema hilo ni jukumu lake kulijua.

Lakini msidhani sheria ilishindwa kila mahali. Kando ya bahari ilifanya kazi vizuri sana. Kila walipochimba kwenye kiwanja cha ufukweni walikuta kitovu cha Mheshimiwa, kibichi kama cha jana. Kiwanja hiki kipo, na kile kipo, na cha tatu kipo. Mwandishi mmoja kijana akasimama akauliza, "Mheshimiwa, kwani ulizaliwa mara ngapi?"

"Kiongozi," alijibu Mheshimiwa kwa upole, "huzaliwa upya kila taifa linapomwita."

Jioni yake yule mwandishi naye aliitwa. Mama yake bado anamsubiri azaliwe upya.

Kwenye mlango wa wodi ya wazazi wakaanza kukaa wanaume waliovaa vizuri, na kila mzazi aliyetoka na kichanga walimsogelea kwa adabu. "Hongera, dada. Samahani, hicho mtakitumia wenyewe?"

*

Mimi nilijifungua katikati ya mambo hayo. Mtoto wa kiume, tukamwita Sudi.

Mtaani kwetu hapakuwa na kichanga kingine. Na kanuni zilisema wazi: nyumba ambayo kitovu cha mtoto aliye hai kimezikwa mbele ya Afisa haibomolewi. Nyumba yetu iko katikati ya safu. Isipobomolewa hiyo, hawawezi kugusa za kulia wala za kushoto, maana nimekwisha waambia zinavyoegemeana. Kwa hiyo Mtaa mzima wa Mferejini ulikuwa unaning'inia kwenye tumbo la mwanangu, kwenye kijiti cheusi kidogo kilichokauka kama ganda la kunde.

Mimi nilitaka kitu kidogo tu. Nilitaka Sudi atambae kwenye sakafu aliyotambaa baba yake. Kizingiti cha jikoni kwetu ni jiwe moja kubwa, limelika katikati kwa nyayo na magoti ya watoto waliopita. Nilipokuwa na mimba nilikuwa nikikaa hapo kupepeta mchele nikimwambia: na wewe utakuja kulisugua hili jiwe, subiri tu.

Watu wakaanza kuja kukitazama kitovu. Hawakunitazama mimi wala hawakumtazama mtoto usoni.

"Hodi! Kimedondoka?" Mama Zubeda, asubuhi na mapema.

"Karibu. Bado."

"Mbona hakina haraka? Au kimeajiriwa serikalini?"

Mama mkwe wangu, Bi Kidawa, ndiye aliyekuwa akimkanda na kumwogesha mtoto. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa na mdomo usiolipiwa ushuru. Alikuwa anamkunjia mtoto nepi kama anayefunga mzigo wa dhahabu. "Muangalieni kisije kikamdondokea hapo chini penye uanaume wake," alikuwa akituambia. "Tutapata nyumba, tukose vitukuu wa kuilalia."

Na kila siku alikuja Afisa Vitovu wa Kata, Bwana Mnyororo. Alikuwa kijana mwembamba, mwaminifu, ndio ugonjwa wake mkubwa. Ugonjwa wake wa pili ni kwamba kitovu kilimtia kichefuchefu. Alikuwa akikaa mlangoni ameipa kisogo nyumba. "Mimi nilisomea barabara, mama," alimwambia Bi Kidawa siku moja kwa huzuni. "Barabara hazidondoshi kitu."

Mapajani alipakata Kopo la Uzawa. Lilikuwa kopo la plastiki ngumu, lina mfuniko wa kukaza na nembo ya taifa juu yake, limeagizwa kutoka nje. Kanuni zilisema kitovu kizikwe ndani ya kopo hilo ili kisioze, kiweze kukaguliwa kila mwaka.

Bi Kidawa alilitazama kopo lile kama anayetazama posa mbaya.

"Mwanangu," alisema, "kitovu hulala na udongo. Mwenzake ni udongo. Hapo ndani kitashikana na nini?"

"Mama, ndio utaratibu."

"Huo utaratibu umezaa watoto wangapi?"

Bwana Mnyororo aliinamisha kichwa, akalipangusa kopo vumbi.

*

Kilidondoka asubuhi, mtoto akiwa kwenye beseni, kikaangukia kiganjani mwa bibi yake kama kilikuwa kinamngoja. Vigelegele vikaruka nyumba kwa nyumba. Bi Kidawa akaenda nacho jikoni kukifuta maji, akarudi na kitu amekifunga kwenye kitambaa cheupe.

Uani palijaa watu. Bwana Mnyororo alisimama amelishika kopo kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani, macho ameyafumba kabisa. "Tia, mama. Tia upesi."

Bi Kidawa akatia. Kopo likakazwa, likabandikwa lakiri, likagongwa muhuri. Afisa akasoma hotuba aliyoandikiwa, inayosema kwamba taifa bila vitovu ni kama nyumba bila mlango. Tukaimba wimbo wa taifa. Kopo likafukiwa katikati ya ua, na kwenye mlango wetu, juu ya ile alama nyekundu, wakachora alama ya vema ya kijani. Mama Zubeda alilia. Shaame, ambaye hajawahi kunisifia mbele za watu, alimbeba mwanawe akamwambia, "Mzee, umetuokoa," na mzee akamjambia mkononi.

Nilikuwa ndani ya arobaini yangu, nimelishwa uji wa tangawizi na pilipili manga mpaka masikio yananichoma, na nilikuwa na furaha. Nasema hivi ili msije mkadhani kwamba katika nchi ile watu hawafurahi. Wanafurahi sana. Ni vile tu furaha zao ni fupi, kama kanga ya mkopo.

*

Masika yakaingia katika Wiki ya Mazingira. Waziri alikuwa kwenye televisheni anapanda mti. Ulikuwa mti ule ule aliopanda mwaka uliopita. Waliung'oa usiku wa jana yake ili aupande tena.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mfereji ukajaa, maji yakaenda kwenye ukuta wa Jengo la Upeo, yakagonga, hayakufunguliwa. Kufika adhuhuri yalikuwa yameingia kwetu bila hodi, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba ndala na chupa na kuku mmoja aliyekufa amekasirika. Nikapanda kitandani na Sudi. Maji yakafika godoro. Shaame akaweka meza juu ya kitanda, nikapanda juu ya meza. Bi Kidawa alikuwa ameketi kwenye ngazi ya darini, amejikunja ndani ya kanga, anayatukana maji kwa majina ya watu wa wizara.

Kutoka pale juu ya meza niliuona ua wetu kupitia mlango wa jikoni. Udongo wa katikati, uliochimbwa juzi juzi, ukalainika, ukabonyea, ukatoa mapovu. Kisha kopo likaibuka.

Kitu cha plastiki kilichojaa hewa, kikakazwa vizuri na Serikali, hakikai chini ya maji. Liliibuka na nembo yake juu, likazunguka ua polepole kama mkuu wa wilaya anayekagua, kisha likatoka kwa mlango mkubwa.

"Shaame! Kopo!"

Shaame akajitupa, maji ya kifua, akalikosa kwa kidole kimoja. Akainuka, akalikimbilia mpaka barazani, likampita kona.

"Liache liende," alisema Bi Kidawa kutoka kwenye ngazi.

"Niliache? Mama, nyumba ndiyo inayokwenda!"

"Nimesema liache. Njoo umshike mkeo asianguke na mtoto."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilimwonea huruma.

*

Maji yalipopungua, mlinzi wa Jengo la Upeo alilikuta kopo limelala kwenye ua wao, chini ya ngazi za kuingilia, katikati ya takataka zetu zote. Akampa Bwana Mnyororo.

Mtu mwenye akili angelirudisha kimyakimya. Lakini nimekwisha waambia kijana yule alikuwa mwaminifu. Alilitazama kopo, akaitazama sheria, akalitazama Jengo. Palipo na kitovu ndipo penye ardhi. Akaandika taarifa kwamba mmiliki halali wa Jengo la Upeo, pamoja na vioo vyake na lifti zake, ni Sudi Shaame, mkazi wa Mferejini, ambaye bado hajakaza shingo.

Mtaa ulikaa kwa kicheko siku kadhaa. Watu walikuja kumsalimia mwanangu kwa kuinama.

"Tajiri, shikamoo," alisema Mama Zubeda. "Mimi sina makubwa. Nipe chumba cha juu kabisa, niwe namwaga maji machafu dirishani, nione wenzetu wanapata raha gani."

Bwana Mnyororo alipandishwa cheo wiki hiyo hiyo. Alipelekwa kusimamia vitovu katika kisiwa cha mnara wa taa, ambacho hakina watu. Alikuja kutuaga. Alimtazama Sudi usoni, kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe ana macho mazuri."

Sisi tukaitwa mbele ya Baraza la Ardhi.

*

Kwetu mzazi akitoka arobaini hutolewa nje kwa udi, amevaa kanga mpya, anapelekwa kuonyeshwa jua. Mimi nilitolewa kwa askari wawili, nikapelekwa kuonyeshwa Waziri. Shauri lilikuwa la shemeji yake, kwa hiyo Mheshimiwa aliamua kulisikiliza mwenyewe ili awe karibu na ushahidi.

Karani akasoma. Shitaka la kwanza: Sudi Shaame, akiwa na akili timamu, amevamia ardhi ya mwekezaji kwa kutumia kitovu. La pili: kwa kuwa kitovu cha familia kimehama Mferejini, familia nayo imehama kwa hiari yake, na nyumba iko wazi kwa kubomolewa.

"Mheshimiwa," alisema Shaame, "kitovu hakikuhama. Kilichukuliwa na maji."

"Maji hayana mikono, kijana."

"Basi kilielea, kwa sababu ya kopo."

"Unalilaumu kopo la Serikali?"

Sudi akaanza kulia, nikampa ziwa pale pale, na karani akaandika kwamba mshitakiwa amekataa kusikiliza.

"Lifunguliwe," alisema Mheshimiwa, "ili kitovu kithibitishwe, tumalize."

Lakiri ikakatwa. Mfuniko ukagoma, ukavutwa, ukafunguka kwa mlio. Mheshimiwa akachungulia. Kisha akakaa kimya, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Aliingiza vidole viwili, akatoa kitu kidogo kilichojikunjakunja, cha rangi ya udongo. Kwenye ncha yake palikuwa na chipukizi la kijani, jembamba, limesimama wima.

"Kimechipua," alinong'ona. Kisha akakumbuka kwamba kuna kamera. "KIMECHIPUA! Ndugu wananchi! Kuna nchi ambazo vitovu vyao huoza! Chetu kimechipua! Nani sasa atasema sera hii haina mizizi?"

Ukumbi mzima ukasimama, watu wakakumbatiana, mzee mmoja wa mstari wa mbele akazimia kwa uzalendo. Na harufu ilikuwa imekwisha kusambaa. Kila mwenye pua aliipata. Watu walikuwa wanapiga makofi huku wamebana midomo, kama watoto msibani.

Bi Kidawa akasimama. Alijifunga kanga kiunoni kwanza.

"Baba," alimwambia Waziri, "hiyo ni tangawizi."

Makofi yakafa moja moja.

"Ni ya uji wa mzazi. Niliitia mimi. Kijana wenu alikuwa amefumba macho, sikutaka kumsumbua. Kitovu cha mjukuu wangu kimelala nyumbani, chini ya kizingiti cha jikoni, na udongo wake, pale kilipolala cha baba yake. Mvua imekuja, mvua imekwenda, hakijasogea hata unyoya. Sheria si yenu? Mnasema palipo na kitovu ndipo penye ardhi. Twendeni basi, nikawaonyesheni. Nyumba yetu tuachieni."

Moyo wangu uliruka mpaka Sudi akaliachia ziwa. Nikamtazama Shaame, naye ananitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu. Nilikuwa nimeuona ukweli ukisimama mbele ya watu kwa miguu yake miwili mifupi. Mimi huamini haraka, ndivyo nilivyo. Nilidhani sasa hawana pa kutokea.

Mheshimiwa akamwita Profesa wa Mimea, mshauri wa wizara. Profesa akakaribia. Akanusa. Akapiga chafya mara mbili. Akafuta miwani.

"Kwa upande wa sayansi," alisema, "bado ni mapema mno kusema lolote."

"Umesikia, mama?" Mheshimiwa aliuliza kwa huruma. "Sasa nikuulize. Unataka kuliambia taifa kwamba Serikali haikijui kitovu chake?"

"Nataka kuliambia hiyo ni tangawizi."

Hukumu haikuchukua muda. Kitu kilichomo ndani ya kopo lenye lakiri ya Serikali ni kitovu, kwa mujibu wa sheria, hata kikiwa na majani. Kitu kilichofukiwa ardhini bila kopo ni taka, na Bi Kidawa anaonywa kwa kuchafua mazingira ya mji wa kihistoria. Sudi Shaame anasamehewa uvamizi kwa sababu ya umri wake mdogo na utumishi wa kitovu chake. Kitovu chenyewe, kwa kuwa kimedhihirisha miujiza, si mali ya mtoto mmoja tena. Kinakuwa Kitovu cha Taifa. Kitapandwa kwa heshima katika bustani, juu ya udongo ule ule kilikotoka.

"Mtaa wenu," Mheshimiwa alituambia, machozi yakimlenga, "umepata heshima ambayo hakuna mtaa uliwahi kuipata. Utabomolewa kwa upendo."

*

Na kweli walibomoa kwa upendo. Bendi ilipigwa. Walianza na nyumba yetu, kisha wakakaa pembeni wakala biriani, maana zilizobaki zilifuata zenyewe, moja baada ya nyingine, kila moja ikitoa sauti kama mtu anayeketi chini kwa uchovu. Mama Zubeda alikuwa amebeba sufuria lake kichwani. "Haya," alisema, "sasa narudi kwetu. Nikipajua nitawaita."

Mfereji ulifukiwa kwa kifusi cha nyumba zetu.

Sisi tulipata chumba juu kilimani, nyuma ya machimbo ya kokoto. Vumbi la huko ni jeupe kama chokaa, na Shaame anasema linamkumbusha kazi. Bi Kidawa hasemi. Anamkanda mtoto, anakunja nepi, na jioni anaelekeza uso upande wa mji kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Mimi nimepata kazi. Nafagia Bustani ya Uzawa na kumwagilia Kitovu cha Taifa. Ni bustani nzuri, ina uzio wa chuma na nyasi za kuagizwa, na katikati, ndani ya kisanduku cha kioo, kuna tangawizi. Kibao chake mwanzoni kiliandikwa jina la mwanangu. Sasa kimebadilishwa, kinasema hapa ndipo alipozaliwa Mheshimiwa Dakta Mbwembwe. Wanafunzi huletwa kwa mabasi wakapiga saluti.

Mvua ikinyesha maji bado yanashuka kutoka kilimani, yanagonga ukuta wa Jengo, yanarudi, yanajaa bustanini. Wataalamu wameyapa jina la ziwa la msimu na wameweka mabenchi ya kuyatazamia. Vuli iliyopita Kitovu cha Taifa kilioza chote. Nikaenda sokoni asubuhi, nikachagua kingine kwa muuza viungo, kizuri, chenye macho matatu, nikakipanda kabla ya lango kufunguliwa. Hakuna aliyejua. Profesa alikuja, akasema kimenenepa.

Kizingiti cha jikoni kwetu hawakukiweza. Jiwe lile lilivunja meno ya tingatinga, wakaliacha, wakaotesha nyasi kulizunguka. Ukipita haraka utadhani ni jiwe la mapambo. Ukikaribia utaona limelika katikati.

Sudi huja na mimi kazini. Juzi nilikuwa nafagia upande wa kioo, nilipogeuka sikumwona kwenye kanga niliyomtandikia. Nikatupa ufagio. Alikuwa ameondoka kwa magoti na viganja, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, makalio juu, anahema, amevuka nyasi zote zile za kuagizwa bila kuzitazama. Alipofika kwenye jiwe alilipiga kofi. Akapanda juu yake. Akalikalia pale palipolika, pakamwenea, akacheka peke yake.

Mlinzi akapiga filimbi kutoka langoni.

"We mama! Mtoe mtoto hapo! Hapo pana mwenyewe!"

"Najua," nilimwambia.

Nikauchukua ufagio wangu, nikaendelea kufagia, polepole.